Kubadilisha Mkopo wa Nyumba Baada ya Kufilisika Marekani: Muda wa Kusubiri na Ahadi Mpya ya Kulipa

Miongoni mwa familia za Afrika Mashariki na Kongo zilizonunua nyumba Marekani, zipo ambazo zimelazimika kufika mbele ya mahakama ya ufilisi kwa sababu ya bili za hospitali, kupoteza kazi, talaka au biashara iliyoanguka. Wengi wao huendelea kuishi katika nyumba zao wakati wa kesi na baada yake, na mambo yakishatulia huuliza swali moja: itanilazimu kusubiri muda gani kabla ya kupata mkopo mpya wenye riba nafuu ili nilipe ule wa zamani? Ni swali la haki, na majibu yake yanajulikana. Hata hivyo, liko swali lingine ambalo kwa maoni yangu lina uzito zaidi, nalo huulizwa mara chache sana: nikitia saini mkopo huo mpya, nitakuwa nimejifunga kwa namna gani ambayo leo sijafungwa?

Ili kulielewa swali hilo ni lazima kwanza kutazama mkopo wa nyumba umeundwaje. Siku ya kununua nyumba, mkopaji hutia saini hati mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza ni ahadi ya kulipa, ambayo humfunga yeye binafsi, pamoja na mshahara wake na mali zake nyingine. Ya pili ni rehani, ambayo huifunga nyumba yenyewe na kumpa mkopeshaji haki ya kuinadi iwapo marejesho yatakoma. Mahakama ya ufilisi inapotoa msamaha wa madeni, huigusa ile ahadi ya binafsi tu. Rehani hubaki palepale. Ndiyo maana mtu aliyesamehewa madeni anaweza kuendelea kukaa ndani ya nyumba yake maadamu analipa kila mwezi, na mkopeshaji anaweza kuitwaa akiacha kulipa, lakini nyumba hiyo ikiuzwa kwa bei isiyotosha kulifuta deni, mkopeshaji hawezi kumfuata mtu huyo kazini kwake wala benki kudai kilichopungua.

Sheria ya ufilisi ya Marekani inayotumika sasa ilitungwa mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2005. Wananchi wa kawaida hutumia hasa njia mbili zilizomo ndani yake, zinazoitwa kwa majina ya sura zake.

Sura ya 7 ni ya haraka. Mtu huorodhesha mali na madeni yake yote, msimamizi aliyeteuliwa hukagua kama kuna mali inayoweza kuuzwa kwa faida ya wanaodai, kisha, kwa kawaida ndani ya takriban miezi minne tangu kufungua kesi, mahakama hutoa msamaha. Katika miezi hiyo nyumba imo mikononi mwa sheria: mpaka msimamizi atakapoiachilia au kesi kufungwa, ni sehemu ya mali ya mufilisi, na hakuna mkopeshaji wa kawaida atakayekubali kuitolea mkopo mpya. Kwa hiyo katika Sura ya 7 suala la kubadilisha mkopo huja baada ya kesi.

Sura ya 13 ni safari ndefu. Mkopaji hupendekeza mpango wa kulipa kwa miaka mitatu hadi mitano, humpa msimamizi fedha kila mwezi, na ndani ya mpango huo hupata nafasi ya kulipa kidogokidogo marejesho ya nyumba yaliyokuwa yamerundikana huku akiendelea na yale ya kawaida. Njia hii ndiyo huchaguliwa na wengi waliokuwa karibu kunadiwa nyumba, kwa sababu kesi inapofunguliwa tu, zuio la kisheria husimamisha mnada. Lakini sheria ina mpaka mmoja unaowaumiza wengi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1993, katika kesi ya Nobelman, kwamba jaji wa Sura ya 13 hawezi kupunguza deni lililowekewa rehani ya nyumba anayoishi mkopaji ili lilingane na thamani ya nyumba hiyo, na kifungu kilichotafsiriwa humo humzuia pia kubadilisha masharti mengine ya mkopo huo, riba ikiwemo. Jaji anaweza kuipunguza riba ya mkopo wa gari, lakini ya nyumba unayolala hawezi. Anayetaka riba nyingine amebakiwa na milango miwili: kumwomba mkopeshaji aliyepo arekebishe masharti kwa hiari yake, au kutafuta mkopo mpya.

Muda wa kusubiri hutegemea aina ya mkopo mpya unaoombwa, wala hauwekwi na sheria ya ufilisi, jambo ambalo huwachanganya watu wanaopokea majibu tofauti kutoka kwa maafisa wa mikopo wawili walio katika jengo moja. FHA, ambayo ni idara ya serikali inayokatia bima mikopo ya nyumba, hutaka iwe imepita miaka miwili tangu tarehe ya msamaha wa Sura ya 7, na katika muda huo mkopaji awe amejenga upya sifa njema ya ulipaji au ameamua kutochukua madeni mapya. Anayeweza kuthibitisha kwamba aliangushwa na jambo lililo nje ya uwezo wake, kwa mfano ugonjwa mzito au kifo cha mwenzi aliyekuwa akiingiza kipato, anaweza kufikiriwa baada ya miezi 12. Mikopo ya wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi, inayodhaminiwa na VA, idara ya serikali inayowahudumia waliowahi kuwa wanajeshi, hufuata utaratibu unaokaribiana na huo. Mikopo ya maeneo ya vijijini inayosimamiwa na Wizara ya Kilimo hutaka miaka mitatu. Mikopo ya kawaida inayonunuliwa kutoka kwa wakopeshaji na kampuni ya Fannie Mae ndiyo yenye subira ndefu zaidi: miaka minne baada ya Sura ya 7, na miwili tu kama kuna sababu za kipekee zilizothibitishwa kwa hati.

Kwa Sura ya 13 hesabu ni nyingine, na hapa wengi hushangaa, kwa sababu FHA na VA hazimlazimishi mtu kusubiri mpango umalizike. Akiwa amelipa kwa mpango kwa miezi 12 bila kuchelewa, na akapata ruhusa ya maandishi, anaweza kuomba mkopo mpya akiwa bado mufilisi. FHA hutaka ruhusa hiyo itoke mahakamani; VA hukubali ya mahakama au ya msimamizi. Fannie Mae husubiri miaka miwili tangu msamaha wa Sura ya 13, lakini kama kesi ilifutwa kwa sababu mkopaji alishindwa kuendelea na mpango, husubiri miaka minne tangu kufutwa. Tofauti ya kesi iliyomalizika na kesi iliyofutwa basi ni miaka miwili kamili, nayo ni sababu nzuri ya kumtaka mtu aliyebakiza miezi michache ajitahidi sana kumaliza, au amwone wakili mapema ili mpango urekebishwe kabla haujavunjika.

Hesabu huanzia tarehe ya msamaha au ya kufutwa kwa kesi. Tarehe ya kufungua kesi ina kazi yake kwingineko: kumbukumbu ya Sura ya 7 inaweza kubaki katika taarifa ya mikopo ya mtu hadi miaka 10 tangu siku hiyo, na ya Sura ya 13 kwa desturi ya kampuni zinazotunza taarifa hizo huondolewa baada ya miaka saba. Kubaki kwa kumbukumbu hakumzuii mtu kupata mkopo. Nimesikia watu wakiambiana kwamba hakuna linalowezekana mpaka miaka 10 iishe, nao kwa imani hiyo wameendelea kulipa riba kubwa kwa miaka mingi pasipo sababu.

Maombi yanayopelekwa mahakamani wakati wa Sura ya 13 yanastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. Mufilisi aliye ndani ya mpango haruhusiwi kujiingizia deni kubwa bila idhini. Wakili wake huandika ombi linaloonyesha masharti ya mkopo wa sasa na ya ule mpya, riba, marejesho ya kila mwezi, gharama zote, na namna mpango utakavyoendelea kulipwa. Nakala hupelekwa kwa msimamizi na wanaodai, nao hupewa muda wa kupinga. Jaji hutazama zaidi kama marejesho mapya yanabebeka na kama wanaodai wengine hawaumii. Mkopo unaopunguza marejesho bila kutoa fedha taslimu kwa kawaida haupati upinzani mkubwa, ingawa msimamizi anaweza kutaka nafuu iliyopatikana iongezwe katika mpango. Ugumu huanza pale mtu anapotaka kuchota fedha kutoka katika thamani ya nyumba iliyopanda. Wapo wanaofanya hivyo ili kuulipa mpango wote mapema na kutoka, na mahakama nyingi huruhusu, lakini mara nyingi kwa sharti kwamba wanaodai walipwe zaidi ya kile walichoahidiwa mwanzo, wakati mwingine asilimia 100. Wakili mzuri huongea na msimamizi kabla ya kupeleka ombi, kwa sababu taratibu hutofautiana kutoka wilaya moja ya mahakama hadi nyingine, na ofa ya riba ya mkopeshaji inaweza kuisha muda wake wakati ombi bado linasubiri kusikilizwa.

Kwa wasomaji wenye kiwanja Kitengela, Kibaha au Goma, nina neno la kuongeza. Fomu za ufilisi hudai mali zote za mtu popote zilipo duniani, hata zilizoandikwa kwa jina la ndugu ikiwa kwa kweli ni zake. Kuificha mali ya nyumbani kunaweza kumfanya mtu anyimwe msamaha au anyang'anywe baada ya kupewa, na bila msamaha, muda wa kusubiri nilioueleza hauna pa kuanzia. Vilevile, mtu aliyelipa deni la kaka au mjomba ndani ya mwaka mmoja kabla ya kufungua kesi anaweza kumwona msimamizi akimdai ndugu huyo arudishe fedha, kwa kuwa sheria humhesabu ndugu kuwa mtu wa ndani aliyependelewa. Mambo haya huelezwa kwa wakili siku ya kwanza, hata kama yanaleta aibu ndani ya familia. Na jambo jingine la wahamiaji: tangu tarehe 25 Mei 2025, FHA imeacha kupokea maombi mapya ya wakopaji ambao si raia wala wakaazi wa kudumu, isipokuwa makundi machache, hivyo mwenye kibali cha kazi pekee anapaswa kuulizia hali yake kabla ya kulipia chochote.

Baada ya Sura ya 7 huzuka tatizo lingine ambalo halionekani mapema. Wakati wa kesi, mkopeshaji wa nyumba anaweza kumletea mkopaji mkataba wa kuthibitisha deni upya. Anayetia saini huirudisha ile ahadi yake binafsi kana kwamba kesi haikuwahi kuwapo kwa deni hilo. Mkataba huo ni lazima ufanywe kabla ya msamaha na uwasilishwe mahakamani, na aliyetia saini ana haki ya kuuvunja mpaka msamaha utolewe au mpaka siku 60 zipite tangu kuwasilishwa, ipi itachelewa. Mawakili wengi huwashauri wateja wao wasiusaini kwa deni la nyumba, nami naona wana hoja nzito, kwa sababu hiyo ndiyo kinga waliyoifuata mahakamani. Lakini kuna bei yake. Asiyethibitisha deni, marejesho yake kwa kawaida hayaandikwi tena kwenye taarifa ya mikopo, na mkopeshaji mpya akitazama haoni kitu ila deni lililosamehewa. Mtu anaweza kulipa miaka minne bila kuchelewa hata siku moja na yasionekane popote. Dawa ni kujitunzia ushahidi: taarifa za benki zinazoonyesha kila malipo yalivyotoka, taarifa za kila mwezi za mkopo, na historia ya malipo iliyoombwa kwa maandishi kutoka kwa kampuni inayokusanya marejesho. Mkopeshaji makini huzikubali, na miezi 12 ya mwisho ndiyo anayoichunguza zaidi.

Hapo ndipo lile swali langu la mwanzo linaporudi kwa nguvu. Mtu aliyesamehewa katika Sura ya 7 bila kuthibitisha deni yuko katika hali ya nadra: ana nyumba, ana rehani, lakini yeye mwenyewe hadaiwi. Siku atakapotia saini mkopo mpya, anaandika ahadi mpya ya binafsi, na msamaha aliopewa hauigusi ahadi hiyo kwa sababu ulihusu madeni ya kabla ya kesi. Akiyumba tena miaka mitatu baadaye na nyumba ikauzwa kwa hasara, anaweza kudaiwa tofauti, kwa kutegemea sheria ya jimbo lake. California, kwa mfano, humlinda aliyekopa kununua nyumba anayoishi asidaiwe kilichopungua, na tangu mwaka 2013 imeeneza ulinzi huo kwa mkopo unaochukuliwa kulipa ule wa kununulia, lakini fedha za ziada alizochota hazimo. Majimbo mengine yana ulinzi mdogo zaidi. Na hawezi kurudi upesi kuomba msamaha mwingine, kwani kati ya kesi mbili za Sura ya 7 zinazoishia kwa msamaha ni lazima ipite miaka minane tangu kufunguliwa kwa ile ya kwanza.

Hii haimaanishi kwamba mkopo mpya ni kosa. Inamaanisha kwamba nafuu yake iwe kubwa ya kutosha kulipia kinga inayoachwa, na hilo hupimwa kwa hesabu. Tuchukue mtu anayedaiwa dola 220,000 kwa riba ya asilimia 7.5, miaka 30. Marejesho yake, bila kodi ya nyumba na bima, ni takriban dola 1,538 kwa mwezi. Akipata asilimia 6.5 kwa miaka hiyohiyo 30, hushuka hadi takriban dola 1,391, yaani nafuu ya dola 147 hivi. Ikiwa gharama za kukamilisha mkopo mpya ni asilimia tatu ya deni, yaani dola 6,600, atahitaji karibu miezi 45 ya nafuu hiyo ili kuzirudisha. Anayepanga kuhamia jimbo jingine baada ya miaka miwili atakuwa amepata hasara. Kwa upande wa FHA kuna pia malipo ya bima ya mwanzo ya asilimia 1.75 ya mkopo, ambayo kwa kawaida huongezwa juu ya deni na hivyo kuwa rahisi kutoonekana, pamoja na bima ya kila mwaka. Anayeanza upya miaka 30 wakati mkopo wa zamani ulibakiza 22 anapaswa kuhesabu na miaka minane aliyoiongeza.

Historia ya riba inalifanya jambo hili kuwa gumu zaidi. Wastani wa riba ya mikopo ya miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, kisha ukapanda hadi asilimia 7.79 Oktoba 2023. Aliyekopa wakati wa chini kisha akafilisika hana sababu ya kubadilisha mkopo wake mkuu hata akishatimiza miaka yote ya kusubiri, na anayemshawishi afanye hivyo ili achote fedha kidogo anamuuzia riba kubwa juu ya deni lote. Anayehitaji sana mkopo mpya ni yule aliyekopa karibu na kilele, mwenye riba inayopanda na kushuka, au anayetakiwa kumwondoa mwenzi waliyetalikiana katika deni.

Kwa mwenye mkopo wa FHA tayari, njia fupi ni kuubadilisha kwa mkopo mwingine wa FHA kwa utaratibu uliorahisishwa, ambao haulazimishi uthamini mpya wa nyumba na, katika mojawapo ya aina zake, hauhitaji kuchunguza upya kipato. Ni lazima siku 210 ziwe zimepita tangu mkopo wa sasa ulipokamilishwa, marejesho sita yawe yamelipwa, na mkopo mpya uwe na manufaa yanayoonekana kwa mkopaji; fedha anazoweza kupewa mkononi hazizidi dola 500. VA ina utaratibu wake wa namna hiyo, wenye ada ya nusu asilimia. Wakopeshaji wengi huongeza masharti yao juu ya yale ya serikali, kwa hiyo kukataliwa na mmoja hakumaanishi kwamba sheria imekataa. Aliye ndani ya Sura ya 13 bado anahitaji ruhusa hata kwa njia hii.

Aliyekuwa nyuma kwa malipo asianze na mkopo mpya kabisa. Aombe kwanza marekebisho ya masharti kwa mkopeshaji wake, kwani hayana gharama za kukamilisha mkopo, na kwa aliyesamehewa katika Sura ya 7 hati zake kwa kawaida huwekewa kifungu kinachosema kwamba marekebisho hayafufui deni la binafsi. Kifungu hicho kitafutwe kabla ya kutia saini. Kisipokuwamo, wakili aombe kiongezwe. Washauri wa makazi walioidhinishwa na wizara ya nyumba, HUD, hutoa msaada wa kuandaa maombi hayo bure au kwa ada ndogo, na mtu anaweza kuuliza kama kuna mkalimani pale ambapo Kiingereza cha mikataba kinamshinda.

Nawahofia sana wale wanaowapigia simu watu majina yao yakishaonekana katika kumbukumbu za mahakama, ambazo ziko wazi kwa umma. Wapo wakopeshaji halali wanaotoa mikopo hata siku moja baada ya msamaha, kwa riba iliyo juu zaidi na malipo ya awali makubwa, na kwa mwenye dharura ya kweli mkopo huo unaweza kuwa daraja. Lakini anayedai fedha kabla ya kazi yoyote, anayemwambia mufilisi aache kumlipa mkopeshaji na amlipe yeye, au anayetaka hati ya nyumba ihamishiwe kwake kwa muda, huyo anaiwinda nyumba. Mkopeshaji halali hutoa makadirio ya maandishi ndani ya siku tatu za kazi baada ya kupokea maombi, na taarifa ya mwisho ya gharama angalau siku tatu za kazi kabla ya kutia saini. Karatasi hizo mbili ziwekwe pamoja na kila mstari ulinganishwe. Hata baada ya kutia saini, kama mkopo unawekewa rehani ya nyumba unayoishi na umetoka kwa mkopeshaji mwingine, sheria inatoa tena siku tatu za kazi, Jumamosi ikihesabiwa na Jumapili na sikukuu za serikali kuu zikiachwa, za kuufuta mkataba kwa maandishi bila kutoa sababu wala kutozwa chochote. Fomu ya kufuta imo ndani ya bunda la karatasi ulilopewa mezani, nakala mbili kwa kila mwenye nyumba, na ikitumwa kwa posta kabla ya usiku wa manane wa siku ya tatu, mkataba umekwisha.